Naomba sijibiwi, nimeswali istikhara sijaota: nitajuaje Mungu ananitakia nini?

SWALI: Assalaam alaykum Ustadha. Mimi ni mwanamke wa miaka 35, naishi Pemba, Wilaya ya Micheweni. Nalima mwani. Mwaka juzi nilikopa kwenye kikundi chetu nikaongeza kamba, nikapanda ule mwani mnene wenye bei. Joto lilipoingia wote ukapukutika, deni likabaki. Mume wangu ni mvuvi, mashine ya boti imekufa na siku nyingi hatoki. Tuna watoto watatu. Tokea hapo nimezidisha ibada: nafunga Jumatatu na Alkhamisi, naamka usiku, nina uradi mrefu, dhikri za kurudiarudia, baada ya kila swala, na dua yangu ni moja tu, deni lilipike. Halijalipika. Sasa hata nikisujudu sihisi kitu, kama nasema na ukuta. Mama mkwe anasema nimefanyiwa, anataka twende kwa mtu. Shoga yangu anasema ni adhabu ya dhambi niliyoisahau. Mwengine ananambia niache kuhangaika nimuachie Mungu. Kaka yangu amenitafutia kazi ya jikoni katika hoteli Unguja. Nimeswali istikhara, swala ya kumuomba Mungu anichagulie lenye kheri, usiku saba, sijaota chochote. Nataka kuwa karibu na Mwenyezi Mungu na niridhike na aliyonipangia, lakini sijui amenipangia nini. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Mwanangu, umeuliza Mwenyezi Mungu amekupangia nini, lakini chini ya swali hilo naona khofu ambayo hukuitamka wazi: kwamba kimya unachokisikia maana yake amekupa mgongo. Nianze na hiyo, kwa sababu mtu mwenye khofu hiyo hata apewe jibu gani halimwingii.

Kutohisi kitu katika sijida si dalili ya kufukuzwa. Hanzala, sahaba aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa Mtume (SAW), alikutana na Abubakar siku moja akamwambia kwamba yeye Hanzala kawa mnafiki. Abubakar akashtuka, kulikoni? Akasema: tukiwa mbele ya Mtume, akitutajia Pepo na Moto, inakuwa kama tunaviona kwa macho; tukirudi kwa wake zetu, watoto na mashamba, mengi yanatutoka. Abubakar, huyo huyo aliyeitwa Siddiki, mkweli wa imani, akamjibu kwamba na yeye yanamkuta hayo hayo. Wakaenda pamoja kwa Mtume, naye akawaambia kuwa lau wangedumu katika hali wanayokuwa nayo mbele yake, Malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. Lakini, ewe Hanzala, saa hii na saa ile. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim katika mkusanyo wake wa hadithi. Wanawake wengi ninaowasomesha wanaishangaa, maana wamekua wakiamini kwamba moyo wa mtu mwema hutetemeka muda wote. Kumbe hata waliokaa na Mtume mwenyewe walikuwa na saa zao. Wewe unaamka usiku, mchana umefunga, umeinama ndani ya maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana, jua linakupiga mgongoni, ukirudi watoto watatu wanangoja chakula, na deni halikutoki kichwani. Mwili uliofika hapo haubakiwi na cha kuhisi. Huo ni uchovu. Usiupe jina la unafiki wala la laana.

Sasa hilo la adhabu. Shoga yako amekusudia kheri, lakini amejitwisha kazi isiyokuwa yake. Ibrahim, mtoto wa Mtume, alipofariki mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Fikiri pale: baba amefiwa, na watu wanampa tafsiri ya kumtukuza yeye na mwanawe. Aliikataa. Akasema jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Mkiyaona hayo, swalini na ombeni. Basi ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, nani kati yetu leo ana elimu ya kusema kwamba mwani wa fulani umekufa kwa dhambi ya fulani? Kutubia tunatubia kila siku, mwani ukifa na mwani ukistawi. Na Suratul Ankabut imekwishatwambia kwamba watu hawaachwi kwa kusema tu "tumeamini" bila ya kujaribiwa. Nabii Ayubu alipoteza mali, watoto na afya, na hatujasoma popote kwamba alikuwa anaadhibiwa.

Tena mwani wako una sababu inayojulikana. Mwani mnene hauhimili maji yakipata joto sana: unafanya weupe, unalainika, unakatika. Yamewafika hayo wakulima wengi wa Unguja na Pemba kwa miaka, wacha Mungu na wasiomcha, na ndiyo maana wengi wamerudi kwenye mwani mwembamba ingawa bei yake ndogo, na Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja imekuwa ikiwafundisha wakulima kuhamia kwenye maji ya kina zaidi, ambako joto linapungua. Kuijua sababu hakumpunguzii Mwenyezi Mungu kitu, maana sababu zenyewe ni viumbe vyake. Ila kunakupunguzia wewe mzigo wa kujilaumu kwa dhambi usiyoijua.

Kwenda "kwa mtu", jibu langu ni fupi: usiende. Husuda ipo, hatuikanushi, na dawa yake ulifundishwa chuo cha Qurani ukiwa mdogo: Kulhuwallahu, Falaki na Nasi, mara tatu tatu asubuhi na jioni, na Ayatul Kursiy ukienda kulala. Ama kumwendea anayedai kuyajua ya ghaibu ukamuuliza, Mtume amesema mwenye kufanya hivyo haikubaliwi swala yake usiku arubaini. Na niongeze la kidunia: huyo "mtu" hatokuangalia bure, nawe pesa za kulipa kikundi huna. Mama mkwe usimvunjie heshima. Mwambie, "Mama, nisomee wewe." Bibi anayekupenda akikushika kichwa akakusomea Fatiha, hiyo ni ruqya tosha, yaani kisomo cha kinga, na pengine itawasogeza nyote wawili.

Nije kwenye neno ulilolitupa katikati ya barua kama si kubwa, la yule mwengine aliyekwambia uache kuhangaika, umuachie Mungu. Hili ndilo linaloharibu watu wengi visiwani kwetu, kwa sababu linafanana sana na imani. Kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, kuna sehemu mbili na haziachani: mikono inafanya, na moyo hauitegemei mikono. Mtume ametupa mfano wa ndege. Lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu inavyostahiki, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na matumbo matupu wakarudi jioni yameshiba. Watu wanaisoma hadithi hii wanasahau neno "wanatoka". Na bedui aliyemuuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na atawakali, aliambiwa amfunge kisha atawakali. Khalifa Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, upande wa Syria, akapata habari ya tauni iliyoingia huko, aliamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia qadari, yaani makadirio, ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu: naam, tunaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwendea qadari ya Mwenyezi Mungu. Kubaki ni qadari na kuondoka ni qadari. Hakuna uamuzi utakaokutoa nje ya milki yake, kwa hiyo huna haja ya kuganda.

Niseme hapa jambo ambalo Wapemba wanalijua kwa uchungu. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, tulisema ni qadari, na ni kweli, ajali haipiti nje ya elimu ya Mola. Lakini meli ile ilikuwa imejazwa kupita uwezo wake, na qadari haimwondoshei dhambi aliyejaza. Tunaposema "Mungu kapanga" ili tusiulizane, tunamsingizia Mola uzembe wetu. Kwenye mambo yako madogo ni hivyo hivyo: kuridhika ni kwa lililokwishapita, ama lililo mbele yako unalifanyia kazi.

Sasa swali lenyewe. Unataka kujua amekupangia nini. Mwanangu, hilo hukutakiwa ulijue. Mwenyezi Mungu ana lile aliloliandika akalificha, na ana lile alilolitaka kwetu akalidhihirisha. La kwanza hatuulizwi. La pili ndilo tutakaloulizwa. Kwa nini umeumbwa amekwambia waziwazi katika Suratu Dhariyat, kwamba hakuwaumba majini na watu ila wamuabudu. Ukifunga kamba zako kwa nia ya kulisha watoto kwa halali, umo ndani ya kusudio lake. Ukipika katika hoteli kwa nia hiyo hiyo, umo. Usidhani kuna njia moja nyembamba aliyoificha, ambayo ukiikosa basi maisha yako yote yamepotea.

Na hata ungeoneshwa, nakwambia usingetulia kama unavyodhani. Chukua mama yake Nabii Musa katika Suratul Qasas. Yeye aliambiwa kila kitu: mtie mtoto mtoni, usiogope, usihuzunike, tutamrejesha kwako, na tutamfanya miongoni mwa mitume. Ahadi imekamilika, mpaka mwisho wa habari anaujua. Kisha Qurani ikasema asubuhi yake moyo wake ulikuwa mtupu, alikaribia kuitoa siri, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo wake. Kulijua lijalo hakukumtuliza. Kilichomtuliza ni kufungwa moyo na Mola wake. Halafu tazama alichofanya: alimwambia dada yake Musa, "Mfuatie." Ana ahadi ya Mola mkononi, bado anamtuma mtoto wa kike akatazame kando ya mto. Sijaona katika Qurani aya inayoonesha vizuri zaidi kuliko hii kwamba khofu, bidii na imani vinakaa katika kifua kimoja bila ya kimoja kukitoa chengine. Isome Sura hiyo kuanzia aya ya 7 hadi ya 13, usome na tafsiri, ukiwa na nafasi.

Kuhusu dua: Mtume amesema mja hujibiwa maadamu hafanyi haraka akasema "nimeomba sikujibiwa." Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, Muislamu akiomba dua isiyo na dhambi wala kukata udugu, hupewa moja kati ya matatu: ama aliloliomba, ama huwekewa aakhera, ama huepushwa na baya mfano wake. Lipi kati ya hayo wewe umepewa, mimi sijui, na mwenye kukwambia anajua usimsikilize. Ila dua yako nimeiona imebana. Umeomba deni lilipike, umeacha kuomba nguvu, rai njema, afya, na mume apate njia. Mtume alikuwa akiomba kinga dhidi ya mawazo mazito na huzuni, dhidi ya kushindwa na uvivu, dhidi ya uzito wa deni na kuonewa na watu, yote katika dua moja. Jifunze hiyo. Ukishatoa salamu ya swala, inua mikono useme kwa Kipemba chako, kila kitu, hata hilo la kutohisi. Nabii Yaakub aliona huzuni mpaka macho yakafanya weupe, na alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake. Kushitaki kwake si kukosa adabu.

Istikhara. Hadithi ya sahaba Jabir inaeleza rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua maalumu, na ndani yake hamna neno ndoto. Hizo ndoto za kijani na nyeupe zinazongojwa kama jibu tumeziongeza sisi. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa fiqhi na hadithi, amesema baada ya istikhara mtu afuate lile ambalo kifua chake kinalifungukia, asitazame lile alilokuwa nalo na hamu tangu mwanzo. Mwanachuoni mwengine, Izzuddin bin Abdissalaam, yeye akaona afanye litakalojitokeza, kheri imo humo. Vyovyote iwavyo, umeswali, imetosha. Linalobaki ni kushauriana na kupima, kisha kuamua, na ukishaamua mambo yakifungika, basi yamefungika na hiyo pia ni sehemu ya ulichokiomba.

Tupime basi. Kubaki Pemba kuna faida: kazi unaijua, watoto uko nao, na ukilima mwani mwembamba bila ya kukopa tena, utapata kidogo kidogo, ila deni litakukalia muda mrefu. Kwenda Unguja kuna mshahara. Lakini kaka yako muulize yale ambayo jamaa wakifurahi huwa hawayaulizi. Je, upo mkataba wa maandishi? Utalala wapi, na chakula? Wageni wakipungua masika, wafanyakazi wanabaki au wanapumzishwa? Kazi ni ya kupika tu, au utatakiwa upeleke na ulevi mezani? Toa nauli ya meli, toa kodi ya chumba, toa ya kupeleka nyumbani, ndipo uone kilichobaki kwa deni.

Na mume wako? Katika barua yote umemtaja mstari mmoja. Masurufu ya nyumba ni juu yake kisharia, hata ukifanya kazi wewe. Mashine imekufa, sawa, lakini mikono yake haikufa. Anaweza kutoka kwenye chombo cha mwenzake kwa mgao, au akashika kamba za mwani wewe ukiwa hupo. Mkae nyinyi wawili kabla ya kumjibu kaka. Rai yangu, kama mkataba upo, kazi ni ya halali, mume karidhia na yupo mtu mzima wa kuangalia watoto na skuli zao, nenda ujaribu msimu mmoja. Likikosekana moja kati ya hayo, baki.

Deni nalo lina mlango ambao pengine hukuambiwa. Qurani katika Suratul Baqara, aya ya 280, imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Nenda kwa viongozi wa kikundi mwenyewe, usingoje waje, waombe wagawe malipo kwa kiasi unachokimudu na muandikiane. Kama mkopo ulikuwa na riba, tubia na usirudie. Pia katika makundi manane ya kupewa zaka, aya ya 60 ya Suratu Tawba imewataja wenye madeni. Aliyekopa kwa halali akashindwa, ana haki, si ombaomba. Ulizia kwa imamu wa msikiti wenu, na ofisi ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iliyopo Pemba, nini kinahitajika. Wengi wanaona haya, na zaka inakwenda kwa wanaopiga hodi.

Kukurubia kwenyewe, kwa sasa, nakutaka upunguze. Nadhani hukutarajia hilo. Katika hadithi qudsi, maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, Mwenyezi Mungu amesema mja hajikurubishi kwake kwa kitu anachokipenda zaidi kuliko yale aliyomfaradhishia, kisha ndipo zikaja sunna. Kwa hiyo swala tano kwa wakati wake, taratibu, hata kama moyo haupo. Huko ndiko kukurubia. Funga za Jumatatu na Alkhamisi ziache siku za bamvua unapoingia baharini. Uradi mrefu ukate, bakisha unaoweza kuusoma ukiwa unaelewa unachosema, maana Mtume ametwambia amali inayopendwa zaidi ni ile inayodumu japo ni kidogo. Rakaa mbili za usiku na witri zinatosha, tena si lazima ziwe alfajiri ya mbali. Swali kabla ya kulala. Siku zako ambazo huswali, dhikri na dua haziko mbali nawe, usizikatishe ukaona umetengwa. Na tafuta darsa la wanawake lililo karibu, ukae na watu. Shetani anapata nafasi kubwa kwa mtu aliye peke yake na mawazo yake.

Mwisho, jambo moja nalitaka ulichukulie kwa uzito. Ikiwa usingizi umekupotea wiki baada ya wiki, chakula hakipandi, asubuhi unashindwa kuinuka, humfurahii hata mtoto, au yamekujia mawazo kwamba bora usingekuwepo, hiyo haitibiwi kwa uradi peke yake na si upungufu wa imani. Ni maradhi, na Mtume ametuamrisha tujitibu. Nenda hospitali ya Micheweni au Wete, useme na daktari wazi kama ulivyosema na mimi, usijifiche nyuma ya "kichwa kinaniuma." Hayo mawazo ya kutokuwepo yakija, usingoje siku ya kliniki, mwambie mtu wa nyumbani saa hiyo hiyo, mwende. Ukiona haya kwenda peke yako, mchukue mama mkwe. Alikuwa tayari kukusindikiza kwa mganga. Atakusindikiza na huko.